Niweke nyumba rehani ninunue mashine ya PU?

*"Mhandisi, mimi ni mjane, naendesha karakana aliyoiacha mume wangu hapa Jomvu, Mombasa. Tunakereza vyuma, na tangu 2022 tunamimina magurudumu ya toroli na ya jeki za paleti kwa PU (poliurethani, plastiki ngumu inayonyumbulika kama mpira) ya kuchanganya kwa mkono, kama 60 kwa mwezi. Kuna bwana ameniletea ripoti inayosema soko la dunia la elastoma za poliurethani linapanda kwa mabilioni ya dola. Anataka kuniuzia mashine ya kumimina pamoja na mapipa 16 ya malighafi, na benki iko tayari kuchukua nyumba kama dhamana. Shemeji yangu hataki kusikia, anasema hiyo ndiyo sumu iliyoua watu Bhopal. Halafu kuna mteja wa Shimanzi niliyemuuzia magurudumu mwaka juzi, yameanza kumeguka kama keki. Aliyeniuzia malighafi anasema mteja anapakia kupita kiasi. Bei nazo hazitulii, kila oda ni hesabu mpya. Nikope, au niachane na PU kabisa? Samahani kwa urefu. Kijana wangu anayechanganya naye ana kikohozi cha usiku, sijui kama kinahusika."*

Dada yangu, pole kwa mzigo ulioachiwa, na hongera kwa kuubeba mpaka hapa. Umeuliza habari za mkopo, lakini mimi naanza na neno lako la mwisho, hilo uliloliombea samahani.

Kikohozi cha usiku kwa mtu anayechanganya PU mchana kinahusika mpaka daktari aseme hakihusiki. Ndani ya lile pipa la malighafi mna kemikali iitwayo isosayanati, na tabia yake ni ya ajabu: mtu aweza kufanya nayo kazi mwaka mzima asipate neno, kisha siku moja mwili ukaikataa, na tangu hapo mvuke kidogo tu unatosha kumbana kifua. Ni pumu ya kazini. Mara nyingi humpata mtu saa kadhaa baada ya kutoka kazini, akiwa kitandani kwake, ndiyo maana watu hulaumu feni au vumbi la godoro. Muulize kama Jumapili na siku za sikukuu hupata nafuu. Akisema ndiyo, usingoje zaidi.

Mtoe kwenye kuchanganya leo hii, umpe kazi ya leithi, ile mashine ya kukereza, au ya kupeleka mizigo. Mpeleke Hospitali Kuu ya Pwani au kwa daktari wa kifua, na aende na ile karatasi ya usalama inayokuja na malighafi, ili daktari ajue anatafuta nini. Aombe kupimwa pumzi siku za kazi na siku za mapumziko, kwa sababu kipimo kimoja cha asubuhi njema hakisemi kitu. Ikithibitika ni pumu ya kazini, hatarudi tena kwenye PU, hata na barakoa. Najua ni fundi wako mzuri. Hatarudi.

Na hizo barakoa za karatasi, kama ndizo mnazovaa, huzuia vumbi tu, mvuke unapita kama hazipo. Kama isosayanati yenu ni ya aina iitwayo TDI, fahamu kwamba ukishaanza kuinusa tayari imevuka kiwango cha usalama. Inatakiwa feni ya kuvuta hewa pale pale juu ya ndoo, glavu za nitrili, na barakoa yenye chujio la mvuke linalobadilishwa kwa wakati. Ulaya, tangu Agosti 2023, mtu haruhusiwi kufanya kazi na kemikali hizi bila mafunzo maalum. Huku kwetu kuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, na ni afadhali uiite ofisi yake ije kukagua kabla mambo hayajaharibika.

Shemeji yako basi ana haki ya kuogopa, ila ameogopa kitu cha jirani. Gesi iliyovuja kiwandani Bhopal, India, mwaka 1984 ilikuwa isosayanati ya methili, inayochemka kwa nyuzi 39 hivi, na tanki zima lilifumka usiku mmoja. Hizi za kwako, TDI na MDI, ni za ukoo mmoja nayo, lakini ni nzito. MDI hasa hairuki hewani ovyo mpaka uipashe moto au uipulize. Haziui mtaa kwa usiku mmoja. Huharibu mapafu ya mtu mmoja mmoja, polepole. Gurudumu likishakauka sawasawa, hata mtoto akilishika halina neno. Mwambie pia achungulie ile chupa ya kigumishi, kile mnachochanganya na isosayanati ili PU igande. Kama ni chengachenga za manjano zilizoandikwa MOCA, hiyo imeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na hupenya kwenye ngozi. Hapo ningependa aogope zaidi.

Sasa magurudumu ya Shimanzi. Kabla ya kubishana na mtu kuhusu uzito wa mizigo, muulize mteja swali moja: je, kuna magurudumu ya akiba ambayo hayajawahi kufungwa? Yabonyeze kwa kucha. Kama na yale yaliyolala rafuni yamekuwa laini, yananata, yana nyufa kila upande, basi mzigo hauhusiki. Gurudumu lililoelemewa hufa kwa namna nyingine: joto hujikusanya ndani, karibu na chuma, PU inalainika pale, kisha hubanduka kwa vipande vikubwa huku uso wa nje ukiwa bado mzima. Kumeguka kama keki ni kazi ya maji.

Ugonjwa huu unaufahamu, hukuwa na jina lake tu. Umewahi kununua raba ya mtumba Kongowea, nzuri, safi, ukaiweka kabatini kwa ajili ya harusi, na siku ya kuivaa soli ikabaki sakafuni? Ile soli ni PU. Haikuchakaa kwa kutembelewa. Ilikatwa na unyevu wa hewa ikiwa kabatini.

Chukulia PU kama wavu wa mvuvi. Kuna mafundo magumu, ndiyo yanayobeba mzigo, na kuna uzi mrefu laini kati ya fundo na fundo, ndio unaovutika na kurudi. Mafundo hutokana na isosayanati na kigumishi. Uzi hutokana na kitu kiitwacho polioli, nayo ni ya aina mbili kubwa. Ya kwanza ni poliesta. Uzi wake una nguvu, hauchaniki upesi, haujali mafuta ya mashine, lakini kila baada ya hatua chache una kiungo ambacho maji yanaweza kukifungua. Kikifunguka hutoa asidi, na asidi hiyo huharakisha kufunguka kwa kiungo kinachofuata. Kwa hiyo gurudumu linaweza kukaa mwaka na nusu likionekana zima, halafu likaisha ndani ya miezi mitatu. Ya pili ni poliitha. Viungo vyake maji hayaviwezi, ingawa jua na mafuta huichosha zaidi.

Poliesta si ulaghai, tafadhali tuelewane. Magurudumu ya forklifti ya Vulkollan yanayosifiwa kote Ulaya ni poliesta, na kwenye ghala kavu Hamburg hukaa miaka na miaka. Shimanzi si Hamburg. Kwetu unyevu hauondoki hata wakati wa kaskazi, na sakafu za maghala huoshwa kwa maji. Aliyekuuzia pengine alisoma karatasi ya kiufundi iliyoandikwa kwa hewa ya kwingine. Tazama pipa: ukiona neno PTMEG au PPG, ni poliitha. Ukiona adipati, ni poliesta. Pasipo maandishi, kata vipande viwili vya ukubwa wa kiberiti, kimoja kitie ndani ya chupa ya maji, uiweke kwenye oveni yako kwa nyuzi 70 wiki tatu au nne, kingine ukiache kavu. Kila Jumatatu vipime kwa kipima ugumu. Poliesta itakusimulia yenyewe.

Kuna maji mengine yanayokuharibia kazi kabla hata gurudumu halijatoka kwenye kalibu. Isosayanati ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dioksidi. Mwaka mmoja, mvua za Mei, nilifungua pipa asubuhi, nikachota nilichotaka, nikarudisha kifuniko nikaenda zangu. Baada ya siku chache kifuniko kilikuwa kimevimba. Nikapuuza, nikamimina. Gurudumu lilitoka linang'aa. Nilipolikata kwa msumeno, ndani lilikuwa mkate wa kumimina mtupu, matundu kwa matundu. Hiyo ilikuwa hasara yangu mwenyewe, hakuna wa kumlaumu. Tangu hapo pipa langu likifunguliwa hupuliziwa naitrojeni kavu kabla ya kufungwa. Na pipa lililovimba usilikaze kifuniko kwa nyundo, linaweza kupasuka. Lilegeze polepole mahali penye hewa, umejifunika uso, na yaliyomo usiyatumie.

Twende kwenye hiyo ripoti. Uzuri wa ripoti za namna hii ni kwamba kila mwandishi ana soko lake. Mmoja anahesabu kava za simu, mipira ya kebo na mabomba, ile aina inayoyeyuka na kumiminwa upya, yaani TPU. Mwingine anaongeza soli za viatu. Wa tatu anatia na rangi za kupuliza kwenye sakafu na matangi. Wewe unamimina PU ya kuokwa kwenye oveni, ambayo ni kipande kidogo tu, kwa sababu sehemu kubwa ya poliurethani yote duniani ni povu: magodoro, viti, kuta za friji. Bilioni inaweza kuongezeka Guangdong, China, na wewe usione hata oda moja ya ziada Jomvu. Ripoti si mteja.

Ila soko la dunia linakugusa kwenye bei, na hapo una haki ya kuchanganyikiwa. Poliurethani ilivumbuliwa mwaka 1937 huko Leverkusen, Ujerumani, na Otto Bayer na wenzake, na mpaka leo isosayanati ni kazi ya wachache. MDI ya dunia kwa sehemu kubwa hutoka kwa kampuni tano: Wanhua ya China, BASF na Covestro za Ujerumani, Huntsman na Dow za Marekani. Hata hao wanahamahama. Mapema 2023 BASF ilitangaza kufunga kiwanda chake cha TDI cha Ludwigshafen, chenye uwezo wa tani 300,000 kwa mwaka. Oktoba 2024 ADNOC, kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi, ilikubaliana kuinunua Covestro. Kiwanda kimoja kikizimika, bei hupanda bara zima. Februari 2021 baridi kali iligandisha Texas, viwanda vikasimama.

Kuna jambo moja huwachekesha mafundi ninapowaeleza. Ile PTMEG, uzi bora wa poliitha kwa magurudumu, kwa sehemu kubwa hailiwi na magurudumu. Inaliwa na nyuzi za spandeksi, yaani leginzi na suruali za kubana. Wachina wakifuma nguo nyingi, wewe unalipia. Mwaka 2021 mahitaji ya spandeksi yalipanda pamoja na ya plastiki zinazooza, zinazotumia malighafi ile ile ya awali, na PTMEG ikaruka bei vibaya mno, kisha ikaanguka. Aliyejaza ghala wakati ule kwa kuogopa kwamba itapanda zaidi alilia.

Juu ya hayo weka shilingi. Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na ilipofika katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Kila dola 1,000 ya malighafi ilipungua kwa takriban shilingi 30,000, bila kiwanda chochote kushusha bei. Kisha weka meli. Tangu mwishoni mwa 2023 nyingi zilikwepa Bahari ya Shamu zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, hivyo mzigo wa Ulaya ukachelewa. Wa India na China haupiti huko, ingawa uhaba wa kontena ulipandisha nauli kila upande. Ningekuwa wewe ningeomba bei India, na pia kwa wanaochukua kutoka Jubail, Saudia, kabla ya kuandikia Ulaya. Wakala wako wa forodha mpe msimbo 3909.50, wa poliurethani ghafi, akuhesabie ushuru wote kwa maandishi kabla hujatuma senti. Usikubali hesabu ya mdomo kwenye simu.

Mapipa 16 sasa. Tuseme kila pipa ni kilo 200, jumla kilo 3,200. Tuseme gurudumu moja linakula nusu kilo. Magurudumu 60 ni kilo 30 kwa mwezi. Gawanya. Ni miezi 106 na ushei, karibu miaka tisa. Ukizidisha mauzo mara tatu bado ni miaka mitatu. Na pripolima, yaani isosayanati iliyokwisha kuunganishwa na polioli, kwenye pipa ambalo halijafunguliwa, mahali pa baridi, huhesabiwa kwa miezi hadi mwaka hivi. Chini ya mabati ya Jomvu, mchana wa Februari, umri huo unapungua, kwa sababu joto huifanya igande yenyewe kidogo kidogo. Huyo bwana anakuuzia kitu kitakachokufa kabla hujakitumia, na nyumba itabaki benki.

Mashine yenyewe si mbaya. Ni nzuri kwa anayemimina mamia ya kilo kwa siku, kazi ile ile kila siku. Kwako italala, na mashine ya PU haipendi kulala: vali huganda, kila mapumziko ni kusafisha kwa kimiminika cha bei, na stima ikikatika wakati kichwa cha kuchanganyia kimejaa, una dakika chache tu kabla hakijawa jiwe.

Pesa ndogo kuliko hiyo inakufanyia makubwa zaidi: pampu ya vakyumu na pipa la kuondolea viputo, mizani ya kidijitali ya kuaminika, oveni inayoshika joto sawa kila kona, mtungi wa naitrojeni, na ile feni. Kama fedha inabaki, nunua kipulizio cha mchanga. Hewa yetu ya chumvi haina subira, chuma ukikisugua asubuhi kikang'aa, kabla ya adhuhuri kimeanza kupiga wekundu, na gundi ya PU haishiki kutu. Sugua, paka gundi saa ile ile, ndipo unywe chai.

Kuhusu malighafi, uchaguzi una uchungu wake. TDI na MOCA ni rahisi kwa kuchanganya kwa mkono, zinasamehe makosa, ila nimekueleza ni nini. MDI na kigumishi cha dioli ni salama zaidi kwa watu wako, lakini ukikosea kipimo kidogo au hewa ikiwa na unyevu mwingi, gurudumu linaharibika. Kwa ukubwa wa karakana yako, na kwa huyo kijana, mimi ningehamia MDI ya poliitha, nipoteze magurudumu kadhaa miezi ya kwanza, niandike kila mchanganyiko: tarehe, namba ya pipa, uzito, joto, hali ya hewa. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mteja wa Shimanzi angekuwa na jibu leo kama namba ya pipa la mwaka juzi ingekuwa imeandikwa.

Wateja wako hawapatikani kwenye ripoti. Wako kwenye yadi za makontena, kwenye viwanda vya saruji vyenye kwaruzio za mikanda ya kusafirishia, kwenye vinu vya unga, kwenye magereji yanayotafuta bushi za gari ambalo vipuri vyake havipatikani tena. Kwale ilikuwa na mgodi wa titani, na migodi ya mchanga hula PU sana, lakini uchimbaji ulikoma Desemba 2024, kwa hiyo mtu akikutajia soko la migodi ya Pwani muulize mgodi gani. Gurudumu jipya la kawaida kutoka China huwezi kushindana nalo kwa bei. Unachoweza ni kuchukua chuma cha zamani cha saizi isiyopatikana dukani leo asubuhi, ukakirudisha kimevikwa PU baada ya siku tatu, wakati forklifti ya watu imelala. Hapo mwenye mali hahesabu senti.

Basi usikope kwa nyumba, na usiache PU. Kama benki ina mkopo mdogo wa vifaa usiogusa nyumba, huo tunaweza kuuzungumza, ukiwa na orodha ya wateja watano walioandika wanataka nini na kwa mwezi kiasi gani. Na karatasi yoyote ya dhamana, kabla ya saini, ipitie kwa wakili.

Mteja wa Shimanzi mwendee mwenyewe wiki hii, usimtume mtu. Mwombe gurudumu moja lililomeguka na moja la rafuni, uyakate yote mawili katikati, uyatazame pamoja naye. Ikiwa ni maji, mvikie upya kwa poliitha kwa gharama ya malighafi tu, na daftari lianze na oda hiyo. Mafundi wengi wakitaka kutoa PU ya zamani kwenye chuma huitia moto nyuma ya karakana. Moshi wake una sianidi ndani. Ikereze kwenye leithi.